Tawi Lililofuata Msiba

1

Tawi la Nzogole lilikuwa na afya kupita kiasi, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tawi changa la Mzabibu kwa kawaida huota kwa kusitasita. Linakwenda kidogo, linasimama, linachepuka kushoto, linajuta, linarudi. Hili lilitoka kituo cha Chamwino likavuka korongo, likapanda tuta na kunyooka moja kwa moja hadi kwenye kitongoji ambacho ramani yangu ilikiandika kwa herufi za kujificha. Nguzo zake zilikuwa zimenenepa. Mgongo wake, ule utepe mweusi ambao vishada, yaani magari yake, hupita juu yake vikiwa vimejaa abiria, ulikuwa laini kama kigae kipya. Nilipoweka kiganja juu yake nilisikia utomvu ukipita ndani kwa nguvu. Mtu akinenepa wakati wa njaa, jirani zake humwuliza anakula nini, nami nilikuwa nimetumwa kuuliza.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Temu, mkuu wetu wa kanda, mwanamke ambaye hajawahi kusema habari za asubuhi kabla ya kusema kilichompeleka simuni.

"Umefika?"

"Niko korongoni. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tawi hilo linakomaa kesho kutwa, Kalunde. Likishakomaa halikatiki ila kwa baruti. Liwekee kidole cha kuidhinisha lipite, au likate leo au kesho, utomvu uende Msanga Mpya. Kule wajawazito wanapanda mlima kwa miguu kwenda hospitali."

"Sasa kwa nini utomvu umekuja huku kwanza?"

"Mizizi inasema hao wa Nzogole wanaotoka asubuhi na kurudi jioni ni wengi kuliko wa Chamwino yenyewe."

"Mama, mimi nimesimama mahali ninapoiona Nzogole yote. Ni nyumba chache na mazizi."

"Ndiyo maana nimekutuma wewe," akasema, akakata.

Mji ulipovimba kutoka Bahi hadi Kongwa, wakubwa walichoka kujenga reli kwa ajili ya watu ambao wameshahama. Kila walipokata utepe wa uzinduzi, mji ulikuwa umeshasogea, na treni ikawa inabeba upepo. Ndipo ukapandwa Mzabibu, njia inayoota yenyewe. Chini ya ardhi una mizizi inayosikia miguu. Watu wakienda na kurudi siku baada ya siku, mzizi unapata kiu, unavuta utomvu kutoka mtambo wa Kizota, na tawi linachipua kuwafuata. Haujui jina la mtu wala sura yake, maana hilo wananchi walilikataa tangu mwanzo, na walifanya vema. Unajua uzito, mwendo na saa, basi. Wahenga walisema penye nia pana njia. Mzabibu hauna habari na nia ya mtu, wenyewe unataka nyayo.

Kwa kuwa hauna macho, lazima awepo binadamu wa kwenda kuutazamia. Binadamu wa kanda ya mashariki ni mimi, Kalunde Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora, mpogoaji mwenye mkasi wa kukatia matawi na ulimi ambao wenzangu wanadai unakata zaidi.

2

Jua lilipoanza kulegea nikawaona. Walikuja kutoka upande wa Chamwino kwa makundi, wanawake wakiwa na khanga mabegani na masufuria kichwani, wanaume wakiwa na mablanketi yaliyokunjwa. Walikwenda kwa miguu kando ya lile tawi zuri, wakiongea na kucheka. Nikaungana na mama mmoja aliyekuwa amebeba mlenda uliokaushwa kwenye kikapu.

"Mnatoka kazini, mama?"

"Tumeshatoka. Sasa tunakwenda kulala matanga."

"Poleni. Nani ametangulia?"

"Mzee Ndahani."

"Poleni sana. Juzi?"

Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama masufuria. "Si juzi kwa maana ya juzi," akasema. "Uwele ulikuwa bado shambani."

Uwele ulikuwa umeshavunwa, umepurwa, umeliwa, na mwingine ulikuwa unakaribia kupandwa.

Kwenye ua wa marehemu nilikuta kile ambacho wahenga walikiona zamani waliposema kifo cha wengi harusi. Wazee walikuwa kwenye bao wakitukanana kwa upendo. Vijana walikuwa wameleta zeze. Mafiga yalikuwa na moto, ugali unasongwa, na mchungaji alikuwa amejilaza kwenye kiti cha uvivu, Biblia kifuani, akikoroma. Asubuhi wote hao wangeamka, wangenawa uso na kurudi mjini kazini. Jioni wangekuja tena.

Nikaelewa, na nilitaka kucheka na kukaa chini kwa wakati mmoja. Waliotunga akili ya Mzabibu walikuwa watu makini. Walikumbuka minada ya ng'ombe, mechi na mikutano ya injili, wakaufundisha usikimbilie umati wa siku moja. Msiba nao waliuwaza: watu huja, huzika, hulala siku kadhaa, hutawanyika. Hakuna aliyewaza msiba unaolala hadi msimu mwingine. Kwa mzizi uliokuwa chini ya ua ule, watu wanaofika jioni na kuondoka asubuhi walikuwa na jina moja tu, wakazi. Mzabibu ulikuwa umefuata kilio ukidhani umepata kitongoji cha wafanyakazi.

"Mbukwenyi," sauti ikasema nyuma yangu.

"Mbukwa," nikaitikia, maana salamu ya Kigogo ninaijua.

Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chipanha, mtu mwembamba mwenye koti la suti na macho ya mfanyabiashara wa mbuzi. Aliuangalia mkasi wangu kiunoni, kisha akaniuliza ukoo na kwetu. Nilipomwambia, uso wake ukafunguka.

"Kumbe mpagazi. Mbona umekuja bila mzigo?"

"Mzigo nilimwachia babu yako. Alinitoza hongo nilipopita hapa, akachukua hadi kaniki niliyovaa."

Ua mzima ukacheka, nami nikawa nimeshafika nyumbani. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu siku za misafara, wakati babu zangu walipopita nchi hii na pembe za ndovu mabegani na babu zao wakawadai ushuru wa maji. Mtani ana cheo chake msibani. Anaweza kusema asichoweza kusema ndugu, akafanya upuuzi ambao mwingine angeufanya angepigwa, na hakuna wa kununa.

Chipanha alinivuta pembeni, kwenye kigogo karibu na zizi.

"Umeshaona," akasema.

"Nimeshaona. Sijaelewa mmewezaje."

"Hatukupanga. Mzee alifariki, tukamzika. Kitinda mimba wake, Elieza, alikuwa anachimba madini chini ya bahari huko kusini, mkataba haumruhusu kupanda juu. Tukasema hatuanui matanga mpaka mtoto afike amwone mama yake. Tukangoja. Wakati tunangoja, nguzo ya kwanza ikachomoza korongoni."

"Na Elieza?"

"Alikuja. Akakaa, akalia, akarudi baharini."

"Lakini matanga hamkuanua."

"Tulikaa kikao," akasema Chipanha, na angalau alikuwa na adabu ya kutazama chini.

Nikamwambia kuna wajawazito wanapanda mlima Msanga Mpya. Nikamwambia utomvu ni mmoja, ukija huku hauendi kule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali.

"Mpogoaji, nifahamishe mimi nisiyesoma sana. Mzabibu unakwenda penye miguu, siyo?"

"Ndiyo."

"Na miguu inakwenda penye njia. Vijana wetu wamehamia Ihumwa kwa kuwa hapa hapana njia. Kwa kuwa wamehama, hapana miguu. Kwa kuwa hapana miguu, hatupati njia. Sasa sisi tuliobaki tufanyeje? Tuzidi kufa, ili mzizi uwasikie wanaokuja kutuzika?"

Nikageuka nikalitazama tawi.

"Ndahani alifia hapo korongoni," akaendelea, bila hasira. "Juu ya mkokoteni, mvua inanyesha, sisi tunasukuma. Mnayo mashine inayosikia nyayo. Haisikii mtu aliyelala kwenye mkokoteni."

3

Nikaomba kumwona mfiwa.

Bibi Madeje alikuwa chumba cha ndani, amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, shuka jeusi kichwani. Kina mama walikuwa wamemzunguka wakichambua karanga. Kwa mila ya pale, mjane hatoki mkekani mpaka matanga yaanuliwe. Hapiki, hateki, haendi shambani, haendi popote ambako mtu mwingine anaweza kumwendea. Ni mila ya huruma. Imetungwa ili aliyefiwa aegemezwe kwa siku chache ambazo miguu yake haina nguvu.

"Nipisheni," nikawaambia kina mama. "Nimekuja kumposa. Nataka niseme naye mambo ya mahari."

Wakacheka, wakatoka na karanga zao. Utani una faida zake.

Tulipobaki wawili, Bibi alinipima kwa macho. Alikuwa mzee mwenye mashavu yaliyoshuka na mikono mikubwa ya mkulima wa zabibu, mikono ambayo ilikuwa imeanza kuwa laini.

"Wewe ndiye wa mkasi," akasema.

"Ndiye mimi, bibi. Pole kwa msiba."

"Msiba gani, mjukuu wangu? Msiba wangu wameufanyisha kazi."

Alilisema taratibu, bila kulalamika. Nikasogea karibu.

"Walikulazimisha?"

"Hata. Walikuja wakaniuliza kwa heshima, nikakubali mwenyewe. Nilimwona mzee wangu akikata roho kwenye tope. Nikasema, kama kukaa kwangu hapa kutawaletea wengine njia, nitakaa. Nikatoa neno langu. Sasa nimekaa mpaka nimeota mizizi mimi."

"Bado kidogo tu, bibi. Kesho kutwa tawi linakomaa."

"Ndivyo wanavyoniambia. Kwanza ilikuwa mpaka livuke korongo. Halafu mpaka lifike. Sasa mpaka likomae." Akanitazama sawasawa. "Likikomaa, hivyo vishada vitakuja vyenyewe, hata kama hapana watu wa kupanda?"

Nilitamani kumdanganya. Vishada navyo hufuata miguu. Tawi lililokomaa lisipopata abiria halipelekewi kitu, linakaa juani kama kamba ya kuanikia nguo. Ili gari liendelee kuja Nzogole, ingebidi watu waendelee kuja Nzogole, na hawakuwa na sababu nyingine ya kuja ila yule bibi mkekani.

"Haviji," nikasema.

"Nilijua." Akakunja khanga yake magotini, akaikunjua. "Unajua tangu wiki ya kwanza sijalia? Nikianza, wananipokea. Mmoja ananishika mkono, mwingine ananiimbia, wa tatu analeta uji. Watu wazuri, sina neno nao. Lakini sijapata hata asubuhi moja ya kukaa na Ndahani peke yangu. Amelala hapo nyuma ya zizi. Ninasikia mbuzi wanapita karibu naye, mimi sijamwona."

Mimi ni mwepesi wa kucheka, si mwepesi wa kulia, lakini pale ilibidi nitazame dari.

"Waambie umechoka, bibi. Watakuelewa."

"Nilishatoa neno. Wa ukoo hawezi kulitangua, tulikaa kikao kimoja. Mchungaji naye hawezi, anasubiri kituo chake mbele ya kanisa." Hapo macho yake yakachangamka kidogo. "Mtani anaweza."

Ndipo nikaelewa kwa nini hakushangaa kuniona.

"Nikivunja matanga, mizizi itanyamaza, na mimi lazima nilikate tawi. Mkiugua tena mvua ikinyesha, korongo ni lilelile. Hutanilaumu?"

"Nitakulaumu," akasema Bibi Madeje. "Kesho nitakulaumu sana. Leo nisimamishe."

Nilikaa pale nikiwaza, na sitajidai kwamba yalikuwa mawazo ya haraka. Ningeweza kuweka kidole, tawi lipite, na kwenda zangu. Kitongoji kizima kingenipenda, na kosa lingekuwa la mashine. Chipanha alikuwa na haki kwa kila alichosema. Ila haki yake ilikuwa imekaa juu ya miguu ya mwanamke mmoja mzee, na wajawazito wa Msanga Mpya walikuwa wanailipia pia bila kujua.

"Bibi," nikasema, "mzee alikuwa mtu wa namna gani? Nipe kitu chake nikichezee."

Akafikiri. Kisha, kwa mara ya kwanza, akatabasamu mpaka meno yakaonekana.

"Alikuwa hapendi mgeni akae sana," akasema.

4

Watani msibani humwigiza marehemu. Ni heshima yake ya mwisho, na ndugu wakiona mtu amevaa kofia ya maiti wao akitembea kwa mwendo wake, hucheka hata kama walikuwa wanagaagaa chini.

Chakula kilikuwa kimeshaliwa. Jua lilikuwa limetua lakini mwanga ulikuwa bado uani. Nikatoka ndani nimevaa koti la Mzee Ndahani, refu hadi magotini, kofia yake ya pama imenifika puani, na mkononi nina ufagio wa chelewa. Nikakohoa mara moja, kikohozi kifupi kikavu, kama alivyonifundisha mkewe.

Zeze likanyamaza. Mzee mmoja kwenye bao akasema, "Mungu wangu, Ndahani," akaanza kucheka hata kabla sijafanya kitu.

Nikaanza kufagia. Nikaanza kwa wacheza bao, nikafagia chini ya miguu yao, wakainua miguu. Nikamfagia mchungaji, akaamka akidhani ni mahubiri. Nikafagia mpaka kwenye mafiga, nikawafagia kina mama na karanga zao. Kila nilipompitia mtu nilikohoa na kumshukuru.

"Ahsante kwa kunililia. Kwako wapi? Chamwino? Mbona kule hawakumbuki sura yako? Ahsante, ahsante. Na wewe, mume wako bado yuko hai? Una hakika? Nenda kamwangalie."

Watu walikuwa wanashikana mabega. Baadhi walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka, maana Ndahani alikuwa na desturi hiyo kweli: mgeni akishakula na kukaa hadi jua kuzama, mzee alikuwa haongei, alichukua ufagio tu na kufagia chini ya kiti chake.

Nikafika kwa Chipanha. Yeye alikuwa hacheki. Nikafagia viatu vyake, kushoto na kulia, taratibu.

"Mwenyekiti," nikasema kwa sauti ya kikohozi. "Nimekufa, sijakataa. Mmenizika vizuri. Lakini mke wangu mmemweka mkekani awe kituo cha magari. Mimi nilipokuwa hai hata ndoo sikumtwisha bila kumwuliza."

Wacheza bao wakabaki na kete mikononi.

Hicho ndicho kisu cha utani. Unawachekesha watu mpaka midomo iwe wazi, halafu unatia dawa. Angesema mtu mwingine, pangekuwa na ngumi, au kikao kingine. Mimi ni mpagazi tu, nimevaa koti la maiti.

Kicheko kikasikika mlangoni. Bibi Madeje alikuwa ametambaa hadi kizingitini, ameshika mwimo wa mlango, anacheka mpaka shuka limemwanguka. "Ndivyo alivyokuwa," akawa anasema, "ndivyo hasa alivyokuwa," na katikati ya kicheko sauti yake ikapasuka, akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha siku ya kwanza. Kina mama wakainuka wote kumpokea.

"Mwacheni," nikasema. Nilikuwa nimeshavua kofia. "Tafadhalini. Hiki ni chake."

Wakasimama. Ni jambo gumu kwa watu wema kusimama bila kufanya kitu, nami niliwaonea fahari. Bibi alilia mpaka akamaliza, akajifuta kwa kiganja, akamtazama mwenyekiti.

Chipanha aligeuka akatazama tawi. Kutoka uani lilionekana lote, hadi korongoni, mgongo wake ukishika mwanga wa mwisho. Alikuwa ameomba njia ile tangu yeye ni kijana. Nilijua ninamnyang'anya nini, na iliniuma.

Akapita katikati ya watu, akaingia ndani. Akatoka na mkeka ameukunja, ameuweka begani yeye mwenyewe, ingawa hiyo ni kazi ya wanawake.

"Matanga yameanuliwa," akasema. "Tumelala vya kutosha. Kila mtu aende kwake."

Watu wakaanza kutafuta masufuria yao. Nilidhani watanitazama vibaya, na wapo walionitazama vibaya. Lakini mama yule wa mlenda alipopita alinisukuma bega.

"Mpagazi wewe," akasema. "Nilikuwa nimesahau godoro langu linafananaje."

5

Asubuhi nikashika mkasi.

Mzizi ulikuwa umeshaanza kulegea. Nzogole ililala bila wageni, na kulipokucha hakuna aliyetoka. Utomvu ulipungua kasi chini ya kiganja changu. Chipanha alikuja na koti lake lilelile, akasimama kando, mikono nyuma.

Nilianza mwisho wa tawi, pale uani, nikirudi nyuma kuelekea korongo. Tawi changa likikatwa halivunjiki, linanywea na kusinyaa taratibu, na utomvu unarudi shinani. Nguzo zikajikunja moja baada ya nyingine. Nilipofika ukingo wa korongo, upande wa Nzogole, nikasimama.

"Malizia," akasema Chipanha.

"Nimemaliza. Kanuni ya kupogoa ni ileile ya shamba la zabibu, mzee. Unakata, unaacha macho mawili, tawi lipate pa kuanzia msimu ukigeuka. Kanuni inasema macho mawili. Haisemi upande gani wa korongo."

Akatazama nilipokata. Mbele yetu mgongo wa tawi ulikuwa umebaki mzima juu ya korongo, mpana wa kupitisha watu wawili sambamba, au mkokoteni. Upande wa pili ulishika njia ya Chamwino. Kishada kisingekuja. Lakini mvua ikinyesha, hakuna ambaye angesukumwa kwenye tope.

Hakusema ahsante. Alipanda juu yake, akatembea hadi katikati, akaruka mara moja kama mtu anayejaribu kitanda dukani, akarudi.

"Na lile swali langu?" akauliza. "La miguu na njia?"

"Sina jibu lake. Baraza la wapogoaji linakutana mwisho wa mwezi. Nakuomba uje uliulize pale, vilevile ulivyoniuliza mimi. Mimi nitaeleza kilichotokea hapa bila kuficha, na wewe utauliza."

"Watanisikiliza?"

"Nitakuja na ufagio," nikasema, na hatimaye mzee akacheka.

Nikampigia Mama Temu. Nikamweleza yote: msiba, kikao, koti, daraja.

"Uliwafagia?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mchungaji?"

"Na mchungaji."

"Utomvu umeshafika Msanga Mpya. Tawi la mlimani limechipua saa hii." Akavuta pumzi. "Huyo mwenyekiti mlete barazani. Na rudi, tuna kazi." Ila hakukata mara moja. "Habari za asubuhi, Kalunde," akasema, kisha akakata.

Nilikaa ukingoni mwa korongo nikila karanga nilizofungiwa na kina mama. Nilikuwa nimeridhika, sioni haya kusema hivyo. Si kila mtu alikuwa amepata alichotaka, lakini hakuna aliyekuwa akikilipia kwa miguu ya mwenzake.

Kifaa changu cha kusikilizia mizizi kikatoa mlio. Mzizi mmoja wa Nzogole, ule wa chini ya ua, ulikuwa bado haujafa. Ulikuwa umesikia nyayo: mtu mmoja, mzito kidogo, mwendo wa polepole, kutoka mlangoni hadi nyuma ya zizi. Kisha kutoka nyuma ya zizi hadi mlangoni. Kisha tena. Alikuwa anakwenda na kurudi tangu alfajiri, na kila akienda alikaa kule zaidi.

Mashine iliuliza kama inavyouliza kila inapoona safari inayojirudia: abiria mmoja, je, niote?

Nikajibu hapana. Mzabibu haukubali hapana tupu, lazima mpogoaji aandike sababu, nayo hubaki ndani yake milele, iwe somo kwa matawi mengine. Nilifikiri kidogo, karanga mkononi, kisha nikaandika:

Huyu ameshafika.